Nadia Haendi Quionga

Shauri lilikwisha katwa, na aliyelikata hakumwuliza Haula, mama wa Nadia. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Nadia atapandishwa kwenye chapa, lile gari dogo la abiria liendalo kaskazini, apelekwe Quionga kwa mdogo wa Bi Sabina. Huko atazoezwa kukaa bila mama, na huko ulimi wake utafunguka. Mama yake haruhusiwi kumfuata, wala kuonekana mlangoni, mpaka mwezi uandame upya.

Bi Sabina, mama mkwe wa Haula, alilisema hilo Jumatatu asubuhi huku anachambua mchele, kwa sauti ya mtu anayesema kesho tutapika kunde.

"Nguo zake nimezifua mwenyewe," alisema. "Nimezianika juani zisibaki na harufu yako. Kanga ya kumfunika njiani iwe mpya. Mtoto akinusa harufu ya mama hasahau."

"Nani amesema asahau?"

"Ziwa, mwanangu. Asahau ziwa."

"Ziwa ameacha tangu Ramadhani, Mama. Unajua."

"Ameacha kwa mdomo," Bi Sabina alisema, akatupa jiwe dogo uani. "Kwa mgongo hajaacha."

Mgongoni mwa Haula wakati ule ule Nadia alikuwa amelala, mashavu yamemvimba kwa kulia. Haula alikuwa ametoka bombani tu. Aliondoka na ndoo, mtoto akiwa amesinzia mkekani, akidhani atawahi kurudi. Hakuwahi. Kilio alikisikia akiwa bado kwenye foleni, na wanawake wa mstari ule wa nyumba wakamtazama kama mtu aliyeacha chungu kikiungua.

Nadia alikuwa na miaka miwili na nusu, na hakuwa na neno hata moja. Hakusema mama, hakusema maji, hakusema hapana. Wenzake wa rika lake walikuwa wanatukanana. Yeye alishika upindo wa kanga ya mama yake tangu alfajiri mpaka isha, na upindo ukimponyoka alilia mpaka akatapika.

Watu wa pwani ile wana dawa ya mtoto wa namna hiyo, na dawa yenyewe ni bibi. Mtoto akichelewa kuacha ziwa, au akiwa mwingi wa kung'ang'ania, hupelekwa kwa bibi wa kijiji kingine. Hulia siku za mwanzo, hulishwa uji wa nazi, hubebwa, huimbiwa, na siku anaporudi anamtazama mama yake kama mgeni mwenye zawadi. Haula mwenyewe alipelekwa utotoni. Rachide, mumewe, alipelekwa Quionga kwa mama mdogo huyo huyo. Haikuwa mila ya ukatili. Ndiyo maana ilikuwa ngumu kuikataa: ukiikataa, unawakataa wote waliokulea.

Tena Haula hakuweza kusingizia ugonjwa. Alikwisha kumpeleka Nadia posto, zahanati ya Palma. Enfermeiro, yule muuguzi, jina lake Cosme, alitikisa funguo nyuma ya kisogo cha mtoto, na mtoto akageuka. Akamnong'oneza kulia, akamnong'oneza kushoto, mtoto akageuka. "Masikio mazima," alisema. "Zungumza naye sana, usichoke. Umrudishe kabla ya mvua tumwone tena." Haula alirudi akiwa na furaha. Bi Sabina aliposikia, alipiga makofi.

"Masikio mazima! Basi ni kudekezwa."

Usiku wa Jumatatu ile na alfajiri yake Haula aliomba dua ile aliyoifunzwa chuoni, dua ya Nabii Musa. Mola wangu, nikunjulie kifua changu, unifanyie jambo langu jepesi, ulifungue fundo la ulimi wangu. Aliiomba kwa ajili ya mwanawe. Kisha, alipokuwa bado ameketi juu ya mswala, lilimjia wazo kwamba labda fundo si la mtoto, ni la kwake. Labda ni kweli anamharibu. Alilia kidogo, akafuta uso, akaenda kuwasha moto.

Jumatano alikuja Ancha.

Ancha na Haula walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta katika kitongoji cha zamani, kule baharini, kabla ardhi ile haijachukuliwa kwa ajili ya mitambo ya gesi. Watu walipohamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, nyumba za matofali ziligawanywa kwa zamu ya majina, si kwa ujirani. Haula akapata mstari wa mwanzo, Ancha akapata upande wa mashamba, na wenzao wengine wakatawanyika kama mtama uliomwagika. Bahari ikawa mbali. Kuonana kukawa kwa nadra, kwenye msiba au harusi.

"Hodi, Mama Nadia! Au siku hizi mwenye nyumba ya bati jipya haitiki hodi?"

"Karibu, mwizi wangu. Ulinichukulia kinu mwaka juzi, mpaka leo."

"Kinu kimeliwa na mchwa, nimekuja kukuletea salamu zake."

Walicheka, wakakaa uani. Nadia alitokeza nyuma ya mama yake, na Haula akajiandaa kwa kilio, kwa kuwa mtoto yule hakumvumilia mgeni. Nadia alimtazama Ancha. Aliacha upindo wa kanga. Alikwenda akakaa mapajani mwake, kama mtu anayerudi kitini pake baada ya kutoka kidogo.

Ancha aliendelea kulalamika juu ya bei ya unga. Nadia alimgusa kidevu, akakunjua vidole vitano, akavizungusha hewani, akageuza kiganja juu. Ancha, bila kukatiza habari ya unga, alilaza kiganja chake, akakipandisha taratibu mpaka usawa wa kifua, kisha akakipunga kando. Nadia akatulia, akaegemea.

"Umemwambia nini?" Haula aliuliza.

"Nani?"

"Mtoto. Hivi sasa."

"Sijamwambia kitu. Ameniuliza wenzetu wako wapi, nimemwambia maji yamejaa, hawa..."

Ancha aliutazama mkono wake mwenyewe.

Wanawake wa kitongoji kile walikuwa wachokoaji wa pweza. Maji ya bamvua yakipwa na miamba kutokeza, walitoka na michokoo yao, zile fimbo za chuma, wakatawanyika juu ya miamba. Na mwiko wao wa kwanza ulikuwa kimya. Pweza, walisema wakubwa wao, ana masikio kwenye miguu yote minane. Anayefungua kinywa mwambani amewafukuzia wenzake kitoweo. Kwa hiyo juu ya mwamba walisema kwa mikono. Wako wapi. Njoo hapa. Shimo hili lina mwenyewe. Maji yanajaa. Umechomwa? Nina kiu. Turudi. Hakuna aliyefundishwa, msichana alikua nayo kama anavyokua na meno. Wanaume wao, waliovua kwa nyavu vilindini, hawakuijua wala hawakuuliza.

Na Nadia, tangu alipotimiza arobaini yake, alikuwa mwambani kila bamvua, mgongoni. Mgongo wa mama yake ukichoka alihamia wa Ancha, wa Ancha ukichoka alihamia wa mwingine. Kila alipotaka kulia au kuropoka kitoto, aliwekewa kidole mdomoni kwa upole: sss. Hakuwahi kung'ang'ania mtu kule. Migongo yote ilikuwa yake.

"Leo asubuhi," Haula alisema polepole, "alitaka maji. Nikampa. Sikujiuliza nimejuaje."

"Alifanyaje?"

Haula aligusa koo lake kwa ncha za vidole viwili. Nadia alipoona, alitikisa kichwa: hana kiu sasa. Wanawake wale wawili walitazamana, wakashikwa na kitu katikati ya kicheko na woga.

"Mungu wangu," Ancha alinong'ona. "Mtoto anasema. Anasema siku nyingi."

"Ndiyo. Na nikienda bombani, humu ndani habaki mtu hata mmoja anayejua lugha yake. Wewe ungeachwa hivyo, Ancha, usingelia?"

"Ningetapika."

"Na Ijumaa wanampeleka Quionga. Kwa watu wa minazi, ambao hawajui hata kiu inasemwaje." Haula alisimama. Alikuwa na umbo dogo, lakini Ancha alisema baadaye kwamba alimwona amerefuka. "Haendi."

"Shoga, tahadhari. Ukiwaambia habari ya mikono watasema tumemloga."

"Waseme. Wewe Ijumaa uje tu."

Alhamisi Rachide alirudi. Alikuwa mlinzi wa lango kwenye maghala ya ujenzi, alilala huko siku nyingi kuliko nyumbani. Haula alimsimulia yote wakati anakula. Rachide alimtazama binti yake, akagusa koo kwa vidole viwili kama alivyoonyeshwa, na Nadia akamsukumia kikombe cha maji. Rachide alikaa na kikombe mkononi, hakunywa.

"Umeona?" Haula alisema.

"Nimeona. Lakini Mama keshaagiza kwa mama mdogo, na dereva keshaambiwa. Nitamvunjiaje mama yangu neno?"

"Usilivunje. Nitalivunja mimi. Wewe kaa tu usinishike mikono."

Ijumaa ilifika. Baada ya swala, Bi Sabina aliketi kibarazani na kifurushi cha nguo zisizo na harufu. Kushoto kwake aliketi Mwalimu Suleimane, baba mdogo wa Rachide, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyeitwa ili jambo lisemwe mbele ya mkubwa. Rachide alisimama kwenye nguzo. Ancha alikuwa ameketi chini kabisa, karibu na mlango, kama aliyepita njia. Haula alitoka akiwa amemfunga Nadia mgongoni, fundo la kanga amelikaza mara mbili.

"Mfungue mtoto," Bi Sabina alisema. "Gari linakuja."

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mwalimu. Simfungui."

"Marahaba," Mwalimu alisema, akakohoa. "Mwanangu, mchelea mwana kulia..."

"Hulia yeye. Naijua, Mwalimu. Basi nitalia. Machozi ni yangu, sitaazima kitambaa kwa mtu."

Ancha aliinamisha uso ili asionekane anacheka.

"Unaona?" Bi Sabina alimgeukia mwanawe. "Rachide, umeoa au umeolewa?"

Rachide alitazama viatu vyake.

Haula alieleza. Alieleza habari ya mwamba, mwiko wa kimya, na mikono. Alisema mtoto hana kasoro ya masikio. Maneno atafundishwa, mkono na mdomo pamoja, kila siku, na kabla ya mvua atarudishwa kwa muuguzi. Lakini atafundishwa hapa, na wanaomwelewa.

"Kwa mikono!" Bi Sabina alisema. "Binadamu kapewa ulimi, wewe unamfundisha mjukuu wangu mambo ya pweza."

"Mwalimu," Haula alisema, "nisamehe kwa kukuuliza, mimi ni mwanafunzi wako. Nabii Zakaria alipopewa habari njema ya mtoto, akaomba alama, alama yake ilikuwa nini?"

Mwalimu Suleimane alikaa sawa. Swali la chuoni lilimwamsha kila mara. "Kwamba asiseme na watu siku tatu."

"Asiseme kabisa?"

"Ila kwa ishara."

"Watu wake walimwelewa?"

"Walimwelewa. Aliwaashiria wamtukuze Mola asubuhi na jioni, wakamwelewa."

"Kuna aliyempeleka Quionga?"

Ancha alishindwa kujizuia. Hata Mwalimu alijificha nyuma ya tasbihi yake. Lakini Bi Sabina hakucheka, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imepasuka.

"Unanifanya kichekesho mbele ya watu. Vizuri. Rachide, mke huyu hana adabu na mimi, na nyumba yenye mke wa namna hii mimi sikai. Chagua."

Hapo mzaha ulikwisha. Rachide aliinua uso. "Haula, usinifikishe mahali..."

"Kama ni talaka, itoe," Haula alisema. Alihisi moyo unampiga mpaka kwenye meno, na mgongoni alihisi wa mtoto pia. "Ni haki yako, na njia ya kwetu naijua. Lakini nikitoka, natoka naye hivi hivi alivyo. Mtoto huyu ni amana. Aliyeniamini nayo hataniuliza kama nilimpendeza mama mkwe. Ataniuliza kwa nini nilimtupa mahali asipoweza hata kuomba maji."

"Hapana talaka hapa," Mwalimu alisema haraka. "Neno hilo lisirudiwe."

"Mikono, mikono," Bi Sabina alisema, kama ambaye hakusikia. "Mnadhani mimi sijui mikono yake? Kila asubuhi ananiambia kwa hiyo mikono. Nikitoka chumbani, nachechemea na mguu wangu huu, anakaa chini mbele yangu, anashika unyayo wake, anaubonyeza kwa kidole gumba, kisha ananikazia macho. Ananicheka! Mjukuu wangu ananicheka kilema. Mtoto mdogo hajui dhihaka, Haula. Amefundishwa. Nimevumilia miezi, sikusema. Sasa nimesema."

Haula alikuja pale kibarazani na jibu la kila kitu, ila hilo. Mara akaelewa kwa nini nguo zilifuliwa kwa bidii ile.

"Mama," alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Hiyo haitwi kucheka. Kule mwambani mna miiba myeusi ya baharini. Mwenzio akianza kuchechemea huwezi kumwita kwa kelele. Unakaa chini alipo akuone, unabonyeza unyayo wako. Maana yake: umechomwa? Inauma? Nije?"

"Ni kweli, Bi Sabina," Ancha alisema. "Wallahi ni kweli. Na humwulizi hivyo mtu yeyote tu. Unamwuliza mtu wako."

"Anakuuliza kila asubuhi," Haula alisema. "Na wewe hujamjibu hata siku moja."

Bi Sabina aliutazama mguu wake. Ulikuwa umefungwa kitambaa chini ya kifundo. Ulianza kumsumbua tangu mwezi wa kwanza wa nyumba hii ya sakafu ngumu, alipokuja kutoka kijiji chake cha minazi kuwalelea mjukuu.

"Hamna mwingine aliyeniuliza," alisema.

"Hamna," Haula alikubali. "Mimi pia sikukuuliza, na naishi nawe. Hilo ni kosa langu, na nakuomba radhi. Lakini Nadia haendi Quionga."

Honi ililia barabarani. Chapa lilisimama, mavumbi yakalipita, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Huyo mtoto wa Quionga yuko wapi? Nimemwekea nafasi mbele, nimemkosesha mama mmoja na kuku zake!"

"Haendi!" Haula aliita.

"Mimi sijasema haendi," Bi Sabina alisema. Alikuwa na macho mekundu, lakini shingo yake ilikuwa bado imesimama.

Haula alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Alimteremsha Nadia, akamsimamisha mbele ya bibi yake.

"Basi mwambie wewe mwenyewe, Mama. Mwambie unampeleka wapi, na mimi nitarudi kwake lini. Akikuelewa, mpandishe. Sitamshika."

Nadia alimtazama bibi yake, akatazama mguu wenye kitambaa. Akakaa chini. Akashika unyayo wake.

Mikono ya Bi Sabina ilikuwa juu ya kifurushi. Iliinuka kidogo, ikakaa hewani, ikashuka. Mikono ile iliwahi kukuna nazi za harusi nzima, na sasa haikujua pa kwenda.

"Jamani, naondoka au nangoja?" dereva aliita.

Rachide alitoka kwenye nguzo. Hakumtazama mama yake wala mkewe. Alikwenda mpaka dirishani pa gari, akasema maneno machache, akapiga bodi kwa kiganja, na chapa likaondoka.

"Inajibiwaje?" Bi Sabina aliuliza. Aliuliza kwa hasira, kama anayedai chenji yake.

"Funga ngumi," Haula alisema. "Igonge gotini mara moja. Maana yake, ndiyo, inauma."

Bi Sabina alifunga ngumi, akaigonga gotini. Nadia aliisoma. Kisha alisogea, akainama, akaanza kukagua kile kitambaa kwa vidole vyake vidogo, akitafuta mwiba uko wapi. Mwalimu Suleimane alisema "Subhanallah" na kuomba aletewe maji ya kunywa, ingawa hakuwa na kiu.

"Maji hayapo," Haula alisema. "Asubuhi nzima nimeshindwa kwenda bombani." Aliichukua ndoo. "Mama, nikiondoka atalia. Mwambie hivi: kiganja kinashuka chini, halafu vidole viwili vinatembea kurudi kwako. Maana yake, maji yakipwa, mama anarudi."

"Si umngoje alale?"

"Hapana. Sitaki tena kumtoroka."

Alichuchumaa, akamwambia Nadia mwenyewe, kwa mkono na kwa mdomo: "Nakwenda. Narudi." Akasimama, akatembea.

Kilio kilimfuata kabla hajafika nyumba ya tatu. Miguu ilimwambia rudi, hakuitii. Aligeuka mara moja tu. Aliona Bi Sabina ameunyoosha mguu, anapunga kiganja ovyo na kutembeza vidole upande usio wake, na Nadia, huku analia kwa nguvu zake zote, anamshika vidole hivyo na kuvigeuza vielekee panapotakiwa. Ancha alikuwa ameketi kando, mikono ameikunja makusudi asiwasaidie.

Pale bombani wanawake walishika viuno.

"Mama Nadia, leo tena? Mtoto anakata roho huko, unamwacha analia?"

"Ndiyo, analia," Haula alisema. Aliweka ndoo yake kwenye foleni, akanyoosha mgongo usio na mtu. "Analia kwao."